Chakavu na Kale Si Ndugu: Umeme Hautaiua Land Rover ya Babu

Kuna neno moja ambalo kila Mtanzania aliyewahi kuagiza gari Japani analijua kwa maumivu yake: UCHAKAVU. Gari dogo la kutembelea likizidi miaka 8 tangu litengenezwe, linaongezewa ushuru wa uchakavu. Likizidi miaka 10, ushuru unapanda tena. Halafu hesabu inaishia hapo. Gari la miaka 11 na gari la miaka 60, mbele ya kompyuta ya forodha, ni kitu kimoja. Yote machakavu, lipa upite.

Sina ugomvi na ushuru huo kwa Vitz iliyochoka. Nchi ina haki ya kukataa kugeuzwa jalala. Ugomvi wangu ni na neno lenyewe na watu walioridhika nalo. Kiswahili, lugha tunayoipigia ngoma kila tarehe 7 Julai, kinatenganisha vizuri kabisa kitu CHAKAVU na kitu cha KALE. Ndala iliyotoboka kisigino ni chakavu. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe ni wa kale. Hata sheria zetu zilikuwa zinaijua tofauti hiyo zamani: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mpaka milango na miimo ya mbao iliyochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940. Bunge la wakati ule lilikaa chini likafikiria mlango! Ila likija suala la gari, lugha inatupotea sote.

Nimeanza na neno hili kwa sababu kuna ubishi unaoendelea vijiweni na hata kwenye vyumba vya habari, kwamba zama za magari ya umeme zitayafanya nini magari ya zamani. Nazungumzia Land Rover 109, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun za wazee wetu. Nimesikiliza pande zote mbili za ubishi huu. Kwa maoni yangu zote mbili zinamsaka mchawi kwenye nyumba siyo.

Tuanze na wapenzi wa magari hayo. Wao wanalia kwamba umeme unakuja kuwamaliza. Ukiwauliza kivipi, watakutajia Ulaya: si wamepiga marufuku petroli? Jamani, tusome. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 inahusu magari MAPYA yatakayouzwa kuanzia 2035, na hata hiyo, Desemba 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ilipendekeza ilegezwe. Uingereza imeweka 2030 kuwa mwisho wa kuuza magari mapya ya petroli au dizeli tupu. Mapya! Ethiopia, ambao walichukua hatua kali kuliko wote pale mwaka 2024, walifunga mlango kwa magari binafsi ya petroli na dizeli yanayoingia nchini. Yaliyokuwa ndani hayakukamatwa. Rwanda nao, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya biashara jijini Kigali haisajiliwi kama si ya umeme. Za zamani ziliachwa ziendelee kula chumvi.

Tena huko huko Ulaya tunakotishiwa nako, gari la kale linadekezwa kama mjukuu. Ujerumani wana namba maalumu yenye herufi H mwishoni, waliianzisha mwaka 1997. Gari likifika miaka 30 na likiwa bado katika hali yake ya asili, linaipata, na kwa namba hiyo linaingia hata kwenye miji iliyozuia magari yenye moshi mchafu. Uingereza wao wanahesabu miaka 40. Gari likifika hapo halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki hata kwenda kukaguliwa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana. Nenda London, mji unaotoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari lenye moshi usiokidhi viwango. Dizeli ya mwaka 2012 inalipa. Land Rover ya mwaka 1975, ya mtu binafsi, haitozwi pauni hizo hata ikipita mbele ya Bunge lao ikikohoa. Unaweza kudhani ni wazimu, lakini hesabu yake ni rahisi: magari hayo ni machache na yanatembea mara chache.

Na kama hofu ni kwamba mafuta yatabadilika, hii si mara ya kwanza. Wengi wa rika langu hatukumbuki, ila petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi. Risasi ile ilisaidia injini za zamani kwa kuzikinga siti za valvu zisiliwe, na wakati huo huo iliharibu akili za watoto waliokuwa wakivuta moshi wake. Mwaka 2001 nchi za Kiafrika zilikubaliana Dakar kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza. Manabii wakatabiri kwamba injini zote za zamani zitakufa. Kilichotokea ni nini? Mafundi walichonga siti ngumu zaidi wakazipachika, wengine waliendesha polepole, maisha yakaendelea. Watoto wakapona na 404 zikabaki. Kwa hiyo wapenzi wenzangu, punguzeni kilio.

Upande wa pili ndio unaonikera zaidi, labda kwa sababu nakutana nao kila siku. Hawa ni manabii wa umeme, vijana wenzangu wenye digrii, ambao wakiona 109 inapanda mlima wanaziba pua na kusema "mkweche huo, aibu kwa taifa." Kwao kitu kipya ni kizuri kwa sababu ni kipya. Wahenga waliwajua watu hawa kabla gari halijabuniwa: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi si mtetezi wa petroli. Nchi hii haichimbi hata pipa moja la mafuta ghafi. Agosti 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,400 na kila mtu akakoma. Leo tuna bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, mitambo 9, megawati 2,115. Treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024. Kuendelea kuagiza petroli kwa dola ili mtu mmoja akae kwenye foleni ya Mwenge saa mbili, hilo ndilo la aibu. Bajaji za umeme zije, mabasi yaje, magari ya kwenda ofisini yaje. Nitayapokea kwa mikono miwili.

Ila tukubaliane kuhesabu. Land Rover 109 ya petroli inakunywa haswa, sibishi, lita 1 kwa kilomita 5 hivi. Na moshi wake, kwa kila kilomita, ni mchafu kuliko wa gari la kisasa, hilo nalo sibishi. Sasa mchukue mtu anayeitunza, anaitoa Jumapili, sikukuu na kwenye harusi za watu. Tuseme kilomita 500 kwa mwaka. Hizo ni lita 100. Lita 1 ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo jumla ni kilo 230. Mchukue sasa nabii wetu anayetoka Tegeta kwenda Posta na kurudi, kilomita 50 kwa siku, siku 280 kwa mwaka, kwenye gari lake zuri la lita 1 kwa kilomita 12. Ni kilomita 14,000, lita zaidi ya 1,160, na kilo kama 2,680 za hewa ukaa. Zaidi ya mara 11! Na yeye ndiye mwenye kidole cha kumnyooshea mzee wa watu.

Gari linalohitaji kuwa la umeme ni hilo la Tegeta. La Jumapili mwacheni nalo mwenyewe.

Hapa lazima niseme kitu ambacho wapenzi wa magari hawatakifurahia. Si kila gari kuukuu ni la kale. Shirikisho la kimataifa la wamiliki wa magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina kipimo kizuri: gari liwe na miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria, na lisiwe chombo cha kazi ya kila siku. Hilo la tatu ndilo gumu kwetu. Land Rover nyingi za Arusha na Manyara bado ziko kazini. Siku za mnada zinabeba watu, mbuzi na magunia kwenye njia ambazo Noah haiwezi kuzitazama mara mbili. Hizo ni magari ya kazi, na siku moja zitapata mbadala wa umeme au wa kitu kingine, na mimi nitashangilia pamoja na abiria wake ambao migongo yao inaijua ile benchi ya nyuma. Swali langu ni la siku inayofuata. Zikishastaafu, zinakwenda wapi?

Nitawaambia zinakokwenda. Zinakwenda kwenye mizani.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha bati kilikuwa kwa mgao, lakini alumini iliyokuwa ikitengenezea ndege ilikuwepo. Basi wakaipa gari bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Ndiyo maana bodi ya 109 ya mwaka 1968 inaweza kuwa imepigwa na mvua za Marangu zaidi ya nusu karne na bado haijaoza, wakati gari la jirani la miaka 15 limeshatoboka milango. (Kwa wasiojua, 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma. Si miaka, ingawa kwa baadhi yake inakaribia.) Alumini ile ile iliyoiokoa ndiyo inayoiua sasa, kwa sababu kilo ya alumini inauzwa bei nzuri kuliko kilo ya chuma. Nilisimama Unga Limited, Arusha, nikatazama vijana wawili wakiing'oa bodi ya 109 kwa nyundo na patasi. Kazi ya asubuhi moja. Alumini ya skrepa mjini inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu za mchanga, inatoka sufuria. Yale mabawa ya mbele yaliyopita Serengeti kabla hujazaliwa, leo yanapika makande.

Hakuna aliyechukia gari pale, na sufuria ni kitu cha maana. Mwenye gari mwenyewe hakuiuza kwa sababu ya umeme wala kwa sababu ya moshi. Sikiliza mlolongo wake, maana unafanana karibu kila unakopita. Mzee kafariki. Gari limekaa chini ya mparachichi miaka 12. Watoto ni saba, wanne wako Dar, mmoja Mwanza. Kadi ya gari haionekani, au inaonekana lakini ina jina la chama cha ushirika kilichokufa zamani, mzee alinunua kwa mnada wala hakuhamisha umiliki. Anatokea mtu anataka kulinunua alifufue. Anataka karatasi. Karatasi hakuna. Anatokea mtu wa skrepa. Yeye hataki karatasi, anataka mzani tu. Bila kadi lile haliwezi kuuzwa kama gari, lakini linaweza kuuzwa kama kilo. Basi linauzwa kama kilo, na watoto saba wanagawana kitu ambacho hakitoshi hata nauli ya waliotoka Dar.

Kwa hiyo anayetaka kujua mustakabali wa magari ya kale Tanzania asihangaike na habari za betri za China. Aende kwenye makabati ya nyaraka.

Na kuna jambo la pili, hili ni la kodi, na nashangaa halisemwi. Wakubwa wetu wanakumbuka ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari. Gari likisimama nyumbani bovu, ada inasonga mbele, deni linakua, malalamiko yakawa hayaishi. Mwaka 2017 serikali iliifuta, ikaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Kwa maoni yangu ni moja ya maamuzi ya busara zaidi kuhusu magari katika nchi hii. Anayetembea ndiye analipa. Gari la chini ya mparachichi halidaiwi na mtu.

Sasa fikiri. Gari la umeme halinunui petroli. Kadiri yatakavyoongezeka, kapu la ushuru wa mafuta litapungua, na barabara zitaendelea kuhitaji lami. Hazina watafanya nini? Wenzetu wameshaanza kuonesha. Iceland ilianza Januari 2024 kutoza magari ya umeme kwa kila kilomita. Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba kuanzia Aprili 2028 gari la umeme litalipa senti 3 za pauni kwa kila maili. Hayo ni mataifa yenye mifumo ya kusoma mita na kukagua. Hapa kwetu, tukiwa wakweli, njia rahisi kuliko zote ni ipi? Kurudisha ada ya mwaka kwa kila gari lililosajiliwa! Bofya moja kwenye mfumo, kila namba ya gari inapelekewa ankara, la umeme na la petroli, linalotembea na lililolala.

Siku hiyo ndiyo siku ya msiba. Mwenye gari la kale litembealo kilomita 500 kwa mwaka atadaiwa sawa na mwenye basi dogo la abiria. Mwenye gofu analotarajia kulifufua akipata hela ataona deni likipanda kila Julai. Watakimbilia mizani wote kwa pamoja, wiki moja. Umeme utakuwa umeyaua kweli, ila si kwa mkono wake. Utakuwa umeyaua kupitia sheria ya fedha iliyoandikwa na mtu asiyejua kama kuna tofauti kati ya chakavu na kale.

Majirani nao wasijione wamepona. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilifunga mlango kwa yaliyozidi 15 mwaka 2018. Mkenya akikuta Ulaya Peugeot 404 ya aina ile ile aliyokuwa nayo baba yake, atalipiga picha akaiweke ukutani. Halafu nchi hiyo hiyo ina maonesho ya magari na pikipiki za kale na za kifahari Nairobi tangu mwaka 1970, na tangu 2003 imekuwa mwenyeji wa Safari ya magari ya kale. Porsche, Datsun na Ford Escort zinaletwa kutoka Ulaya, zinakimbizwa vumbini Kenya, miaka kadhaa zikavuka mpaka hadi kwetu, halafu zinafungwa zinarudi kwao. Vumbi letu ni la kale, magari ni yao. Mashindano yale ya asili, ya 1966 na 1967, yalishindwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, kwenye Peugeot 404. Waulize vijana kumi wa Kinondoni kama wanajua. Nimewauliza. Mmoja alidhani ni mchezaji wa Liverpool.

Kuhusu kung'oa injini na kuweka mota ya umeme nitasema kwa kifupi, maana ubishi wake ni mkubwa kuliko uzito wake. Kuna kampuni Nairobi, ilianza mwaka 2017 kwa jina la Opibus na sasa inaitwa Roam, ambayo kazi zake za mwanzo zilikuwa kubadilisha magari ya watalii kuwa ya umeme, na Arusha kazi hiyo inafanyika pia. Kwa gari la kazi la mbugani ni jambo zuri sana, tembo hasikii kelele na mwenye kampuni hanunui dizeli. Kwa gari la kale, FIVA wanasema ukishaing'oa injini yake si la kale tena. Naona wanazidisha ukali kidogo. Hata Jaguar E-Type iliyotumika kwenye harusi ya Prince Harry mwaka 2018 ilikuwa ya 1968 yenye mota ya umeme, na hakuna aliyeumia. Kama hukukata chesisi, na injini ya asili umeifunga vizuri kwenye kreti pamoja na namba zake, mjukuu wako ataamua mwenyewe. Ukiiuza injini skrepa, hapo ndipo tutakaposhikana mashati.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya mota ni fundi. Yule niliyezungumza naye Arusha anakaribia miaka 70. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, anakuambia valvu ya tatu. Pengo la pointi analipima kwa karatasi ya pakiti ya sigara, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuta. Amefundisha vijana wengi, wote wamehamia kwenye magari ya kompyuta. "Gari za siku hizi zinasema zenyewe zinaumwa wapi," aliniambia, "hizi lazima uziulize." Sikuona kijana hata mmoja pale aliyekuwa anajifunza kabureta. Siwalaumu, kabureta hailipi kodi ya chumba. Lakini huko Uingereza Land Rover za zamani zimekuwa kazi ya watu, kuna karakana zinazoishi kwa kuzifufua tu, na vipuri vipya vinatengenezwa mpaka leo ingawa ile Land Rover ya umbo la zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Biashara hiyo ingeweza kuwa Arusha. Magari tunayo, mafundi tunao kwa miaka michache iliyobaki, watalii wapo. Oktoba 2024 mji huo ulijaza mamia ya Land Rover kwenye tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara. Viongozi walipiga picha, wengine walipanda juu ya boneti. Ningependa kuona shauku hiyo hiyo kwenye mapendekezo ya bajeti.

Najua nitakachoambiwa: nchi ina wodi zisizo na vitanda, wewe unalilia mikweche ya matajiri? Swali la haki. Ila gari lililosimama chini ya mparachichi leo halilipi kitu, kwa hiyo kulisamehe ada ambayo bado haijawekwa hakuiondolei Hazina hata shilingi. Na matajiri hawanihitaji mimi. Tajiri ana gereji yenye kiyoyozi na mwanasheria wa kutafuta kadi. Anayeuza kwenye mizani ni mwalimu mstaafu, dereva wa zamani wa wilaya, mjane. Hata serikali ikihifadhi gari huhifadhi la mkubwa: nenda Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam ukaione Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu. Ni gari zuri, sina neno. Ila gari lililobeba chanjo, wajawazito, maiti na masanduku ya kura kwenye wilaya zisizo na lami halikuwa Rolls-Royce, na pale sikuona kibao kinacholikumbuka.

Ninachotaka si kikubwa. Sheria ya usajili itambue daraja la GARI LA KALE, lenye miaka 40 au zaidi, lililobaki katika asili yake, lenye kikomo cha kilomita kwa mwaka. Lisitozwe uchakavu likiingia, na siku ada ya mwaka itakaporudi, lisiguswe. Aliyepoteza kadi aruhusiwe kusajili upya kwa kiapo, barua ya serikali ya mtaa na ukaguzi wa polisi wa namba ya chesisi. Na kwa kuwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu tayari wanafanya kazi kwa vibali, kibali hicho kiongezwe sharti moja: gari la umri huo lisikatwe kabla namba yake ya chesisi haijaandikwa na kutangazwa siku 30. Atakayelitaka alipe bei ile ile ya skrepa alichukue. Mwenye mizani hapati hasara hata ya senti.

Bajeti husomwa Juni. Wakati tunasubiri, kama nyumbani kwenu kuna gofu la 109, 404 au Datsun, likizo hii usiende kulipiga picha tu. Fungua lile sanduku la bati la mzee, tafuta kadi. Kama haipo, kakwangue matope kwenye chesisi, isome namba, iandike mahali pawili. Kisha itisheni kikao na ndugu zako mkubaliane ni nani anayeandikwa kuwa msimamizi wa mirathi, kabla mtu wa mizani hajafika na lori lake.